Muulize Fundi: Nyumba Isiyoletewa Uji wa Mzazi

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, tena wa kupita, kwamba filamu iliyonitisha kuliko zote haina jini, haina panga wala kaburi linalofunguka. Nikaitaja jina: Eraserhead, ya mwongozaji wa Kimarekani David Lynch. Mstari huo umenizalia barua. Nyingine ni za matusi, hizo nimeziweka kabatini. Nne ninazijibu hapa, na sitazigawia nafasi sawa, kwa sababu ya kwanza imenikosesha usingizi.

*

Shikamoo Fundi. Mimi nachomelea mageti na madirisha hapa Kihonda, Morogoro. Nina mke na mtoto mmoja wa kiume, juzi ametimiza wiki saba. Mtoto halali usiku. Na akilala yeye, mimi ndiyo nakuwa macho. Basi usiku mmoja, yapata saa nane, nikachukua simu na hedifoni nikatazama ile filamu uliyoitaja. Sikuelewa kitu. Jamaa mwenye nywele zilizosimama anatembea kwenye madimbwi, anakwenda ukweni, kuku anatoka damu mezani, halafu anapewa mtoto ambaye si mtoto. Nikasema ngoja nifike mwisho, huenda wakaeleza. Hawakueleza. Ila lile tukio la mkasi limenikaa kichwani. Tangu siku hiyo mwanangu akilia nasikia sauti ya kile kitoto. Siku tatu sikumpakata. Mke wangu ameniuliza mara mbili nimepatwa na nini, nikamwambia mgongo unauma. Naomba uniambie ile filamu ina maana gani. Na je, mtu mzima na akili zake anaweza kumwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe?
Baba Mpya, Kihonda

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu lile la maana limesubiri tangu filamu itoke 1977 na linaweza kusubiri aya chache zaidi.

Anaweza. Mimi niliogopa. Binti yangu wa kwanza alizaliwa 1983 kabla ya wakati, mimba ya miezi saba, uzito kilo 1.7. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Magomeni Mapipa, nyuma ya mashine ya kusaga. Aliletwa nyumbani amevingirishwa kanga mbili na sweta juu yake, kinachoonekana ni kipaji cha uso na mdomo tu. Hakulia kama watoto wa redioni, nilikokuwa fundi wa sauti za michezo. (Redioni tulikuwa na utepe mmoja wa kilio cha mtoto, tukautumia katika kila mchezo mpaka ukachakaa. Mtoto yule wa kwenye utepe nadhani sasa ana wajukuu.) Huyu wangu alilia kama bawaba iliyokosa mafuta. Nami riziki yangu ilikuwa masikio. Usiku nilikuwa nahesabu pumzi zake, moja ikichelewa nakaa kitako. Asubuhi nikifika kazini nikafunga ule mlango mzito wa studio, kimya kikaingia, nilisikia nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyonitia aibu, na sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi.

Hakuna aliyenitoa pale kwa ushauri. Mama mkwe alikuja kutoka Bagamoyo kumwangalia mzazi. Siku ya nne aliniweka mtoto mikononi bila kuniuliza, akasema, "Shika, nakwenda kuteka maji." Bomba lilikuwa nyumba ya pili. Alikaa huko karibu saa nzima. Alirudi na ndoo mbili, na moja haikujaa.

Sasa filamu. Kwa ambao hawajaiona: Henry Spencer ni mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, yuko likizo, anaishi chumba kimoja katika mji wa viwanda na moshi usio na jina. Anaalikwa kula kwa wazazi wa msichana wake, Mary. Huko mama mtu anamvuta pembeni na kumbana: kuna mtoto, yuko hospitali, kazaliwa kabla ya siku zake, kwa hiyo mtaoana. Mary mwenyewe analia kwamba hata madaktari hawana hakika kama ni mtoto. Wanaoana, wanahamia chumbani kwa Henry na kile kiumbe kilichofungwa bendeji kuanzia shingoni kwenda chini, kichwa kama cha mwanakondoo aliyechunwa, kimewekwa juu ya meza. Kinalia usiku kucha. Mary anashindwa, anaondoka. Henry anabaki nacho. Kuanzia hapo ni ndoto juu ya ndoto: ndani ya radieta (si ya gari, ni ile ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi) kuna jukwaa dogo na mwanamke mwenye mashavu yaliyovimba anayeimba kwamba huko mbinguni mambo yote ni shwari. Kichwa cha Henry kinachomoka, mvulana anakiokota na kukipeleka kiwandani, kinatengenezwa raba za kwenye ncha za penseli. Jina la filamu limetoka hapo. Na mwisho ule wa mkasi umeuona, sitaurudia.

Lynch aliulizwa maana yake karibu miaka 50, mpaka alipofariki Januari 2025 akikaribia kutimiza miaka 79, na hakuisema. Alikuwa radhi kusema kwamba ni filamu yake ya kiroho kuliko zote, na ukimwomba afafanue hapo, anakataa. Lakini maisha yake yanajulikana. Alizaliwa Missoula, jimbo la Montana, mji wa misitu na milima, kisha miaka ya 1960 akaenda kusoma uchoraji Philadelphia. Wakati ule Philadelphia aliyokaa yeye ilikuwa ya viwanda vilivyochakaa, masizi, na uhalifu mpaka mlangoni. Jirani na nyumba yake palikuwa na chumba cha kuhifadhia maiti. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, akapata binti, Jennifer, aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Binti huyo leo ni mwongozaji wa filamu kama baba yake. Hesabu mwenyewe: kijana wa miaka 22, mji unaomtisha, mtoto anayehitaji madaktari, na yeye anataka kuchora picha. Sisemi kwamba filamu ni habari ya binti yake. Nasema hofu ile haikutoka hewani.

Lakini wewe hukuniandikia kuhusu Philadelphia. Nikueleze kitu ambacho kinanisumbua kila nikiitazama, na sijakisoma kwa mchambuzi yeyote, labda kwa sababu wachambuzi wengi wa filamu hii hawakulelewa kwenye nyumba za kwetu. Mtoto analetwa nyumbani, na hakuna mtu anayekuja. Hakuna jirani mwenye bakuli la uji wa pilipili manga kwa ajili ya mzazi. Hakuna mkunga, hakuna shangazi wa kumwogesha, hakuna anayehesabu arobaini. Bibi yupo, ndiyo, yuko jikoni kwa wakwe: amekaa kwenye kiti kama gunia, hasemi, hatikisiki. Mama mtu anampakatisha bakuli la majani ya saladi, anamshika mikono yake na kukorogea nayo saladi, kisha anamtia sigara mdomoni na kuiwasha. Huyo ndiye bibi wa ukoo. Kwetu bibi ndiye angekuwa wa kwanza kumfunua yule mtoto na kusema, "Haya, tumwone." Kule ni chombo cha jikoni.

Na Mary, anapoondoka usiku ule (tazama tena anavyohangaika kuvuta begi lake chini ya kitanda, kitanda kizima kinatikisika, inachekesha mpaka inaumiza), anakwenda wapi? Kwa mama yake. Kwetu mwanamke aliyejifungua kwenda kwao ni jambo la kawaida kabisa, ndiyo ustaarabu wenyewe. Ila huenda na mtoto. Mary anakwenda kulala tu, mtoto anamwachia mwanamume ambaye hajawahi kufundishwa kushika kitu. Katika filamu nzima anayebisha mlango wa chumba kile kwa hiari yake ni jirani mmoja, mwanamke mrembo wa chumba cha mbele, naye hakuja kumwona mtoto. Henry anahangaika kumficha mtoto asisikike.

Usimwone Henry baba mbaya, kwa hiyo. Anapima homa ya mtoto. Mtoto anapojaa vipele anakaa naye na mvuke usiku kucha. Akitaka kutoka, mtoto analia, anarudi, anajaribu tena, analia tena. Wewe hapo umemwona mtu katili, mimi nimemwona mtu ambaye hakuna aliyemwambia "shika, nakwenda kuteka maji", wala aliyemwambia "lete, nenda kalale".

Kwa hiyo, Baba Mpya: mwambie mkeo habari ya filamu. Mwoneshe hata ile picha ya Henry mwenye nywele kama brashi, mcheke pamoja. Acha uongo wa mgongo, maana akikuamini atakuchua na dawa ya moto utaumia bure. Mwite mama yako au dada yako aje wiki moja, chumba kijae watu. Na mtoto akifikisha wiki kumi atatakiwa chanjo tena. Siku hiyo nenda nao kliniki wewe mwenyewe, wewe ndiye umbebe, na kama hofu itakuwa haijatoka mwambie nesi hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Wamesikia makubwa zaidi. Filamu za usiku wa manane ziache kwanza. Sauti ya kile kitoto ilitengenezwa na watu wawili waliojifungia chumbani kwa muda mrefu ili ikukae kichwani, usishangae kwamba wamefaulu.

*

Asalaam aleikum, kaka Fundi. Mjukuu wangu aliitazama hiyo filamu yako kwenye televisheni yangu, hapa Ngamiani, Tanga. Nilipita na chai nikaona kile kidude, nikamwaga chai. Mjukuu anasema mtandaoni wanadai walitumia mnyama kweli, mtoto wa ng'ombe au sungura aliyechunwa. Kama ni kweli ni dhambi. Walikitengenezaje?
Bibi wa Wajukuu Watano

Waalaikum salaam, dada yangu, na pole ya chai. Hakuna ajuaye, na waliojua walinyamaza. Lynch alikataa kusema maisha yake yote. Inasimuliwa kwamba fundi aliyekuwa akiwaonyesha picha za kila siku walizopiga alifungwa kitambaa machoni, asije akakiona vizuri akakisimulia. Mwigizaji Jack Nance, aliyecheza Henry, alikizoea mpaka akakipa jina la utani, Spike. Hayo ya ng'ombe na sungura ni ya watu kukisia.

Mjukuu wako ana miaka mingapi? Hukusema. Kama bado anavaa sare ya shule, mpokonye rimoti.

*

Shikamoo mzee. Nasoma masuala ya filamu hapa Mwanza. Mhadhiri wetu anaisifia Eraserhead kwa sababu ni ya polepole, inakupa nafasi ya kufikiri. Mimi nauliza, mbona Bongo Movie zikiwa za polepole tunazicheka? Gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka ndani, dakika nne zimekwisha. Si ni yale yale? Au polepole ya Mzungu ndiyo sanaa?
Mwanafunzi, Nyegezi

Marahaba. Swali zuri, na lina ubishi ndani yake, napenda. Mhadhiri wako ana haki ya kuipenda, lakini jibu lake ni jepesi mno. Foleni ya benki nayo inakupa nafasi ya kufikiri.

Chukua tukio moja. Henry anarudi nyumbani, anaingia kwenye lifti, anabonyeza kitufe. Mlango haufungi. Anasimama, anatazama mbele. Haufungi. Unaanza kucheka, halafu kicheko kinakauka, halafu unaanza kuogopa huyo mlango, halafu unajifunga pa! Sekunde chache tu, nimezihesabu kwa saa, lakini ndani yake umebadilishwa hali mara tatu. Sasa chukua geti la Bongo Movie. Sekunde ya kwanza ya honi najua gari litaingia, na ya 200 bado najua hivyo hivyo, hakuna kilichonigeuka. Yule ana dakika za kujaza ili filamu igawanyike sehemu ya kwanza na ya pili, zikauzwe mbili. Simlaumu, soko lilimfundisha hivyo. Lakini Uzungu hauingii hapa. Kuna filamu za Wazungu za polepole ambazo ni geti tupu, nimezilipia tiketi na nimezikoromea.

Na usidhani mimi nimezaliwa na masikio haya. Mara ya kwanza kuitazama Eraserhead ilikuwa 1990, utepe wa VHS aliorudi nao jirani yetu kutoka London. Nilipitiwa na usingizi baada ya kuku. Yule kuku mdogo wa kutengenezwa, mkwe anamwomba Henry amkate, anaanza kupiga miguu na kutoa povu la damu, nikasema hawa wana wazimu, nikalala. Niliamka mwisho, taa nyeupe tupu kwenye kioo.

Mara ya pili ndiyo iliyonishika, na sababu ni mashine ya kusaga. Niliiweka jioni, mashine ya nyuma ya nyumba inanguruma kama kawaida. Ukiishi miaka kumi nyuma ya mashine ya kusaga huisikii tena. Unaisikia ikizimwa. Filamu ikawa inakwenda, ule mvumo wake wa chini, kama mvuke, kama upepo ndani ya bomba, umechanganyika na wa kwetu. Umeme ukakatika mtaa mzima. Picha ikapotea, mashine ikanyamaza, na mimi nimekaa gizani nimeshika viganja vya kiti, moyo unanienda mbio, kwa sababu ya kimya. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tangu mwanzo nilikuwa natazama nikidhani natishwa na picha.

Kwa hiyo wewe uliye darasani, zima picha usikilize. Aliyefanya kazi ile na Lynch anaitwa Alan Splet. Walijifungia karibu mwaka mzima, wametandika ukutani mablanketi ya kuzuia sauti, wakatengeneza kelele zao moja moja. Kuna tukio kitanda kinageuka dimbwi na Henry anazama ndani yake na yule jirani mrembo: walitia maikrofoni ndani ya chupa ya plastiki, wakaielesha kwenye beseni la kuogea, wakapuliza hewa ndani ya chupa. Mahali pengine kuna sauti hadi 15 zinapigwa kwa pamoja, kila moja na utepe wake. Mimi katika miaka yangu 26 ya redio sikuwahi kuzidisha nne. Farasi nilimtoa kwenye vifuu viwili vya nazi juu ya sanduku la mchanga, mvua nikaitoa kwa kumwaga mtama juu ya ungo, moto kwa kukunjakunja karatasi ya nailoni. Lakini hizo zilikuwa sauti za kumwambia msikilizaji "hii ni mvua." Splet na Lynch walitengeneza sauti ambazo hazikwambii ni nini. Sikio lako linatafuta, linatafuta, halipati, na mwili unabaki umesimama wima. Polepole ya picha ipo ili sikio lipate muda wa kutafuta. Ukiongeza kasi, sauti ile inakuwa kelele tu. Mhadhiri angekwambia hivyo ningemnyamazia.

Kuhusu muda, nikupe na hii maana najua wanafunzi mnapenda visingizio vya vifaa. Lynch alikuwa mwanafunzi kama wewe, katika chuo cha Taasisi ya Filamu ya Marekani, Los Angeles. Mswada wake ulikuwa wa kurasa 21. Alipewa dola 10,000 na mabanda ya farasi yaliyoachwa kwenye jumba la Greystone, Beverly Hills. Akaanza kupiga picha 1972, pesa zikaisha, akaendelea kidogo kidogo, zaidi usiku, akisambaza magazeti ili apate ya kula. Kuna wakati akawa analala humo humo ndani ya chumba cha Henry. Rafiki yake Jack Fisk, ambaye pia ndiye yule mtu mwenye vidonda anayevuta chuma mwanzoni mwa filamu, na mkewe Sissy Spacek, mwigizaji, walimchangia. Nance alizitunza nywele zile miaka yote hiyo. Kuna mahali Henry anashika kitasa cha mlango, na picha inayofuata, anapotokea upande wa pili, imepigwa mwaka mmoja na nusu baadaye. Huwezi kuona mshono.

Ilioneshwa mara ya kwanza Machi 1977. Lynch aliona sauti imepanda mno na watu hawakuipokea vizuri, akarudi kwenye meza akakata dakika 20, ikabaki 89. Msikilize hapo, mwanangu: huyo wa polepole mnayemsifu alikata dakika 20 alizozihangaikia miaka mitano. Yule wa geti hakukata hata honi.

*

Fundi shikamoo, mambo mengine baadaye. Nina kibanda umiza Mbagala, viti 40, mechi na muvi. Vijana wangu wamesoma ile ya kutisha isiyo na panga, wananisumbua niiweke. DJ wangu wa kutafsiri ameitazama, anasema hana la kutafsiri, humo ndani hawaongei. Niiweke au nitarushiwa chupa?
Mwenye Kibanda

Marahaba, mwenye kibanda. DJ wako ni mkweli na umwongeze posho. Filamu yenye kurasa 21 za mswada ataitafsiri nini? Akianza kujaza yeye, "oyaa Henry kaingia lifti, lifti imegoma, hapa mtaani tunasema imekula kwake," itakuwa vichekesho, na pengine vizuri, ila si filamu hii tena. Nimewahi kufikiria ningemfanyaje DJ humo, nikaona ningempa kazi moja tu: akae kimya mpaka mkwe aanze kueleza habari za mabomba aliyoyatandaza mtaa mzima na mkono wake uliokufa ganzi, hapo aseme, kwa sababu mkwe yule ni wa Mbagala kabisa, utamkuta kila kijiweni.

Biashara sikuahidi. Msambazaji wake wa New York, Ben Barenholtz, aliiweka ukumbi wa Cinema Village kwa maonyesho ya saa sita usiku. Siku ya kwanza walikuja watu 25. Siku ya pili 24. Mtu wa mechi angefunga kesho yake. Yeye aliiacha, ikaendelea usiku baada ya usiku, watu wakaanza kuambiana, ikaendelea kwa muda mrefu hapo na katika kumbi nyingine. Mel Brooks, mchekeshaji, akaiona akampa Lynch kazi ya filamu iliyofuata, The Elephant Man, ambayo iliteuliwa kuwania Oscar nane. Mwongozaji Stanley Kubrick aliwaonyesha waigizaji wake Eraserhead kabla hawajaanza filamu yake ya kutisha, The Shining, ili waingie katika hali anayoitaka. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Lakini hao wote hawatakulipia umeme.

Kama moyo umeng'ang'ania, malizana kwanza na mambo ya kibali na haki ya kuonyesha. Watoto wasiingie, hilo sifanyi mzaha. Usiiweke Jumamosi yenye mechi. Iweke Jumanne, baada ya saa nne usiku, na spika zako zile za besi uzishushe, maana ukiziachia kama za singeli ule mvumo utapasua vioo vya duka la jirani na wao hawatajua ni filamu, watadhani ni transfoma. Fungua mlango wa nyuma, wanaotaka kutoka watoke bila kupita mbele ya picha. Usiwarudishie pesa.

Halafu niandikie. Nataka kujua wangapi waliondoka kwenye lifti, wangapi kwenye kuku, na kama yupo aliyerudi Jumatano kuuliza utaiweka lini tena.